Lugha ya Nne ya Watoto wa Fizi

Mwaka 1996, vita vilipofika Fizi na Baraka, watu wetu wengi walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Katika kambi ya Nyarugusu watoto waliendelea na masomo ya Kongo, kwa Kifaransa. Baadaye jamaa nyingi zilipelekwa Marekani. Huko Kifaransa chao hakikuwafaa sana.

Wengine hudhani mtoto mgeni husaidiwa shuleni kwa huruma tu. Sivyo. Mwaka 1974, katika shauri la watoto Wachina wa San Francisco, mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu vilevile na walimu walewale wa wenzake si usawa. Shule sharti imsaidie.

Kwanza mzazi huulizwa kwa karatasi: nyumbani mwasema lugha gani? Hapo, ndugu wasomaji, ndipo penye hatari. Wako waandikao Kiingereza kwa kuona haya, naye mtoto huenda asipimwe, akakaa darasani kama bubu. Aliyeandika Kibembe au Kiswahili, mtoto wake hupimwa, mara nyingi huwekwa pamoja na wa umri wake, hupewa mafundisho ya Kiingereza, na kila mwaka hupimwa tena mpaka aweze kufuata masomo mwenyewe.