Orodha Iliyozihifadhi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka ya Uingereza yalijaa kanda za video za filamu za bei rahisi, zenye damu na ukatili, ambazo hazikupitia kwa wakaguzi. Magazeti yakapiga kelele. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ikatoa orodha. Filamu 72 zilipata kuingizwa humo, na 39 zikatiwa hatiani mahakamani. Sheria ya 1984 ikaleta ukaguzi.

Kumbe orodha iliyokusudiwa kuzizika ndiyo iliyozihifadhi. Wakusanyaji waliishika mkononi, wakazisaka moja moja mpaka zitimie. Nyingi, ukizitazama, zinachosha. Lakini hawakutafuta uzuri. Walitafuta walichoambiwa wasione. Leo nyingi zimeruhusiwa, hata hivyo kanda zile kuukuu ndizo zenye bei.