Kutoka Stempu Hadi Nywila: Masomo ya Mbali Yalivyofika Timbwani

Mwezi Juni 2009, kebo ya TEAMS iliyotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ilifika Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaja kuilaki. Tarehe 23 Julai mwaka huohuo kebo nyingine, SEACOM, ikaanza kazi. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na chuo kilichotaka kasi ya megabiti 1 tu kwa sekunde kililipa maelfu ya dola kila mwezi. Kwa miezi miwili hiyo Mombasa iligeuka mlango wa intaneti wa Afrika Mashariki.

Mlango ulifunguliwa karibu na Timbwani, lakini hakuna aliyepita bure kwa sababu ya ujirani. Timbwani ni moja ya wadi tano za Likoni, ng'ambo ya kusini ya mlango wa Kilindini. Kijana wa huku aliyetaka elimu ya juu mwaka ule alifanya walichofanya waliomtangulia: alishuka hadi feri, akavuka.

Leo kijana huyohuyo huenda akapewa namba ya usajili na nywila ya mfumo wa masomo kabla hajamwona mhadhiri hata mmoja. Wengi huamini mambo haya yaliletwa na korona. Sivyo. Masomo ya mbali Afrika Mashariki yana umri mkubwa kuliko wazazi wa wanafunzi hawa, na anayeanza leo ana mengi ya kujifunza kwa waliosoma kwa barua na kwa redio, wakamaliza.

Elimu iliyokaa kisiwani

Chuo kilichokuwa karibu zaidi na watu wa Likoni kilijengwa Tudor, kisiwani. Mombasa Institute of Muslim Education, au MIOME, kiliasisiwa 1948 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Madarasa yalianza 1951, yakifundisha ufundi. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikapata hati kamili, ndicho Technical University of Mombasa (TUM) cha leo.

Kila hatua ya chuo hicho iliwainua Wapwani wengi, ila haikuwaondolea wa Likoni safari. Feri zimekuwa zikivusha watu hapa tangu 1937, na siku hizi abiria wanazidi 300,000 kwa siku. Feri moja ikiharibika asubuhi, foleni hufika barabarani na kipindi cha kwanza kinampita mwanafunzi. Mwenye kazi ya bandarini, mama mwenye mtoto mchanga, mwalimu wa shule ya msingi asiyeweza kuacha darasa lake: hawa wote walihitaji somo liwafuate waliko.

Barua zilizokwenda zikarudi

Njia ya kwanza ya kumfuata mwanafunzi ilikuwa posta. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanza kutoza barua peni moja popote iendapo nchini, Isaac Pitman wa mji wa Bath alianza kufundisha hati mkato kwa barua. Wanafunzi waliandika aya za Biblia kwa hati hiyo, wakamtumia, naye akasahihisha na kuwarudishia. Anayetazama kwa makini ataona kwamba kilichouzwa hapo kilikuwa masahihisho. Kitabu cha hati mkato mtu angeweza kukisoma peke yake. Asichoweza ni kujua amekosea wapi.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu ambao hawakusomea katika vyuo vyake. Mlango huo ulifika hadi makoloni. Katika miaka ya 1950 Waafrika wengi wenye kazi za mchana walikuwa wakisoma usiku kwa masomo ya posta. Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya mjini Nairobi, alijiandikisha na Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini na kusoma uchumi. Bahasha zilichukua wiki nyingi kwenda na kurudi. Aliyekwama kwenye swali moja alisubiri mwezi mzima kukwamuliwa, na wengi waliishia njiani.

Redio kutoka Kikuyu

Kenya huru ilikuta shule zikiongezeka haraka kuliko walimu. Maelfu waliokuwa wakifundisha hawakuwa wamefika mbali kimasomo wenyewe, na kuwatoa madarasani ili wasome kungefunga shule. Mwaka 1967 kitengo cha masomo ya posta kikaanzishwa Kikuyu, chini ya chuo kikuu kishiriki cha Nairobi cha wakati ule, kwa msaada wa Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwaandaa walimu wa shule za msingi wa daraja la P3 kwa KJSE, mtihani wa kidato cha pili, ili wapande hadi daraja la juu yake, P2.

Mpango wenyewe ulifikiriwa vizuri. Mwalimu alipokea vitabu vya mwongozo kwa posta, akasikiliza vipindi vya Sauti ya Kenya redioni, akafanya mazoezi na kuyatuma Kikuyu kusahihishwa, na wakati wa likizo akakutana ana kwa ana na wakufunzi. Karatasi ilibeba somo, redio ikalipa sauti, na masahihisho yakamwonyesha mwalimu kwamba yuko mtu anayefuatilia maendeleo yake. Mwalimu wa kijiji cha mbali aliweza kupanda daraja bila kuacha wanafunzi wake hata muhula mmoja.

Uzoefu huo ndio uliozaa shahada ya kwanza ya masomo ya mbali nchini, ile ya ualimu iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986. Vituo vyake vya nje, kikiwemo cha Mombasa, viliwapa wanafunzi mahali pa kukutana na wahadhiri. Jirani zetu wa kusini walikwenda mbali zaidi: sheria ya 1992 iliunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kizima cha masomo ya mbali, chenye vituo mikoani hadi Zanzibar. Wanafunzi wake wa kwanza walianza 1994.

Profesa aliyesikika kutoka mbinguni

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilileta mpango uliovutia macho: Chuo Kikuu Pepe cha Afrika. Mihadhara ya maprofesa wa Marekani na Ulaya ilirushwa kwa setilaiti hadi kwenye vyumba maalumu katika vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwanafunzi alimwona profesa kwenye skrini na kuuliza swali kwa simu. Baadaye makao ya mpango huo yakahamishiwa Nairobi.

Mpango ulifungua macho mengi, lakini ulimtaka mwanafunzi awe katika chumba fulani saa fulani. Kwa mtu wa Timbwani ilikuwa safari ileile, tena ndefu zaidi. Njia iliyokuja kushinda ilianzia kwingine.

Mtoto wa jangwani

Martin Dougiamas alikulia katika jangwa la Australia Magharibi, mbali na shule yoyote. Masomo yake ya msingi aliyapata kwa redio ya masafa mafupi, na karatasi zake zikaletwa kwa ndege. Alipokuwa mtu mzima, akifanya kazi ya kompyuta katika chuo kikuu mjini Perth, alisimamia programu ya kuendeshea masomo mtandaoni iliyoitwa WebCT, iliyobuniwa Canada katikati ya miaka ya 1990. Hakuridhika nayo. Akaandika yake, akaiita Moodle, na toleo la kwanza likatoka Agosti 2002.

Mambo mawili yaliifikisha Moodle katika vyuo vingi vya Afrika. Kwanza, ni bure: chuo hakilipi leseni, kinahitaji seva na watu wa kuitunza. Pili, Dougiamas aliijenga akiamini kwamba watu hujifunza wanapozungumza na kufanya kazi pamoja. Ndiyo sababu ndani yake, kando ya maelezo na majaribio, kuna majukwaa ya majadiliano ambamo mwanafunzi anauliza na mwenzake au mwalimu anajibu. Mtoto aliyesoma kwa redio alijua nini kinakosekana kwa anayesoma peke yake.

Machi 2020

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, watu wasitoke wala kuingia. Mifumo iliyokuwa ikitumiwa na wahadhiri wachache ikageuka ghafla kuwa chuo chenyewe.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kebo kupita baharini ni jambo moja, na bando kuwamo simuni ni jambo lingine. Nyumba zenye simu moja ya kisasa zilikuwa na wanafunzi watatu. Dau la mnyonge haliendi joshi, wasemavyo wahenga wa Pwani, na aliyetegemea kredi ya shilingi ishirini aliona mhadhara wa video ukikatika kabla ya dakika kumi. Kisha pakatokea upungufu mwingine usiotatuliwa na bando: mahali pengi maelezo yalipakiwa kwenye mfumo, na baada ya hapo kimya. Kazi iliwasilishwa, alama hazikuonekana; swali liliulizwa, jibu halikuja.

Dunia ilikwisha kuonywa. Watafiti walipochunguza kozi za wazi za mtandaoni za Harvard na MIT, kwa ripoti iliyotoka 2019, waligundua kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 ni asilimia 3.13 tu ya waliojiandikisha waliomaliza. Walimu wa kozi hizo walikuwa mahiri na video zao nzuri. Lakini mwanafunzi mmoja kati ya maelfu angeweza kutoweka bila mtu yeyote kuulizia.

Anayeanza leo

Tarehe 3 Agosti 2023 Rais William Ruto alikabidhi hati ya Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao Konza. Sasa mtu anaweza kusomea shahada ya chuo cha umma akiwa Timbwani, bila kuhama wala kuvuka. Kwa anayetaka kuanza, huko au katika chuo kingine chochote, historia hii inampa maagizo ya wazi.

Ingia kwenye mfumo siku ileile unayopewa nywila, ubadilishe nywila hiyo, na uhakikishe kila yuniti uliyosajili inaonekana. Yuniti isipoonekana wiki ya kwanza hurekebishwa kwa ujumbe mmoja. Ikigundulika wiki ya mitihani ni balaa. Pakua maelezo yote mara unapopata mtandao mzuri. Programu ya Moodle ya simu hukuruhusu kuhifadhi masomo na kuyasoma bila bando, na hilo pekee hupunguza gharama sana. Andika kazi yako nje ya mfumo kwanza, kisha uipakie mapema: saa inayohesabiwa ni ya seva, haisikilizi udhuru wa umeme kupotea. Jaribio lenye muda maalumu usilifanyie kwenye matatu. Tafuta saiba au mahali penye mtandao wa uhakika.

Halafu tumia jukwaa la majadiliano. Wanafunzi wengi wa huku hulipita kwa haya, wakiogopa kuonekana hawajui. Uliza. Jibu swali la mwenzako. Tengenezeni kundi la watu watano wa yuniti moja mnaokaa Likoni, mkutane Jumamosi. Walimu wa P3 waliokuwa wakikutana wakati wa likizo walifanya hivyohivyo, na ndivyo wengi walivyofika P2.

Kabla hata ya kulipa karo, kiulize chuo maswali mawili. Nani atasahihisha kazi zangu? Nitajibiwa baada ya siku ngapi? Chuo kinachojibu kwa uhakika kinastahili pesa zako. Kinachozungumzia uzuri wa mfumo wake tu, kipite.

Deni letu kwa ng'ambo hii

Kwa vyuo na kaunti lipo jambo la kufanya. Kitengo cha Kikuyu, kikiwa na karatasi na redio tu, kilijua kwamba masomo ya mbali yanahitaji mahali pa kukutana na mtu wa kujibu. Kituo cha Mombasa cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama juu ya fikra hiyohiyo. Leo Likoni inastahili vituo vya namna hiyo: vyumba katika vyuo vya ufundi na majengo ya umma, vyenye intaneti ya kulipiwa na kaunti, kompyuta chache, na mwelekezi mmoja anayejua mifumo hii na kuwajua wanafunzi kwa majina. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na barabara au daraja.

Vyuo navyo vipime kazi ya mhadhiri wa mtandaoni kwa majibu anayotoa na kasi ya kuyatoa, kuliko kwa wingi wa faili alizopakia. Hilo halihitaji kebo mpya. Linahitaji kumtambua anayesomea Timbwani kuwa mwanafunzi kamili, mwenye haki ya mwalimu sawasawa na aliyekaa kiti cha mbele kule Tudor.