Mlango wa Hatton Garden

Msomaji kijana, huenda katika darasa lako limewahi kuonekana dawati tupu, na mwenye dawati hilo hakuhama, wala hakufiwa, wala hakuugua. Wenzake walijua sababu, na walimu waliijua, lakini hapana aliyeitaja kwa sauti. Mimi nilipokuwa mwanafunzi niliona dawati la namna hiyo, na tangu niwe mwalimu nimeyaona mengine. Msichana akipata mimba naye hana mume, watu hupenda kunena juu yake kuliko kunena naye. Jambo hili lina historia ndefu, na Wakristo wana sehemu kubwa ndani yake, kwa kuwa wao ni miongoni mwa waliosema kwa nguvu nyingi ya kwamba mimba isiharibiwe. Nataka tuifuate historia hiyo tukiwa na swali moja mkononi: waliokataza, walimpa nini yule waliyemkataza?

Tuanze Misri. Katika mwaka wa 1 kabla ya Kristo mtu mmoja, jina lake Hilarion, alikuwa mjini Alexandria kwa kazi, akamwandikia barua mkewe Alis, ambaye alikuwa mjamzito. Barua hiyo ilifukuliwa mchangani mahali paitwapo Oxyrhynchus. Ina salamu, ina maneno ya mapenzi, ina ahadi ya kumpelekea fedha mara atakapopata ujira wake. Na katikati ya hayo yote mume anamwagiza mkewe kwamba akizaa mwana wa kiume amlee, na akizaa wa kike amtupe. Hasemi kwa hasira. Asema kama mtu aagizaye chumvi sokoni. Ndivyo ilivyokuwa desturi katika dola ya Warumi: baba ndiye aliyeamua kama mtoto atalelewa, na mimba iliweza kuharibiwa kwa dawa pasipo watu wengi kushangaa.

Katika ulimwengu huo wafuasi wa Kristo walikuja na neno geni. Kitabu chao kidogo cha mafundisho kiitwacho Didache, mojawapo ya maandiko yao ya kale kabisa baada ya yale ya Agano Jipya, kilikataza kuharibu mimba na kumwua mtoto mchanga, mambo mawili katika sentensi moja. Tertullian, mwandishi wa Karthago katika nchi tuiitayo leo Tunisia, alirudia fundisho hilo mwaka wa 197. Mwaka wa 314 maaskofu walikutana Ancyra, ambayo siku hizi ni Ankara ya Uturuki, wakalitazama shauri la wanawake waliozini na kuharibu mimba. Kanuni ya zamani iliwazuia wanawake hao wasishiriki meza ya Bwana hata siku ya kufa. Maaskofu wakaipunguza adhabu hiyo ikawa toba ya miaka 10. Walijiona wamekuwa wapole, na kwa wakati wao kweli walikuwa wapole. Lakini isome kanuni hiyo mwanzo hata mwisho, utamkuta mwanamke na utamkuta mtengeneza dawa. Mwanamume aliyetia mimba hayumo.

Nyumba za kupokea watoto waliotupwa zilikuja kujengwa polepole. Mashuhuri mojawapo ni ile ya Florence katika Italia, iliyojengwa kwa fedha za chama cha wafanya biashara ya hariri. Mtoto wa kwanza aliachwa pale Februari 1445, naye alikuwa msichana. Walimpa jina Agata Smeralda. Nyumba hiyo ilistahili insha yake yenyewe, ila leo safari yetu yaelekea London.

Mwaka wa 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya wanawake waliozaa pasipo ndoa. Mwanamke wa namna hiyo akificha kifo cha mtoto wake mchanga, ilihesabiwa ya kuwa amemwua, isipokuwa amepata shahidi wa kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Adhabu yake ilikuwa kitanzi. Angalia jinsi haki ilivyopinduliwa hapa. Kwa kawaida mshitaki ndiye apaswaye kuthibitisha hatia, bali msichana huyu alitakiwa athibitishe mwenyewe ya kwamba hana hatia, naye alikuwa amezaa peke yake gizani, katika chumba cha watumishi, akiuma shuka asisikiwe. Mwanamke aliyeolewa hakuguswa na sheria hiyo. Ilidumu hata mwaka wa 1803, na sheria ile ile iliyoifuta ndiyo iliyofanya kumpa mwanamke sumu ya kuharibu mimba, baada ya mtoto kucheza tumboni, kuwa kosa la kunyongwa.

Kwa nini msichana aliificha mimba? Wengi wa wasichana hao walikuwa watumishi wa nyumbani. Tumbo likionekana, bibi wa nyumba alimfukuza siku hiyo hiyo, wala hakumpa barua ya kumsifu, na pasipo barua hiyo hapana nyumba nyingine ambayo ingemwajiri. Kwao alikuwa ameleta aibu. Mtoto wake aliitwa mwana wa haramu. Mbele yake zilibaki njia chache tu: ombaomba, ukahaba, dawa ya kichawi ya mkunga wa uchochoroni, au kumwacha mtoto kando ya barabara usiku. Watu wale wale waliokwenda kanisani Jumapili ndio waliofunga milango mingine yote.

Sasa nikuonyeshe nahodha mmoja. Thomas Coram alizaliwa Lyme Regis, mji wa pwani ya Uingereza, mwaka wa 1668. Aliingia baharini akiwa mtoto, akaunda merikebu Massachusetts katika Marekani, kisha akarudi London. Elimu yake ilikuwa haba, na ulimi wake ulikuwa wa mabaharia. Alikaa Rotherhithe, na kila alipokwenda mjini kwa shughuli zake, asubuhi mapema na jioni, aliona watoto wachanga wametupwa kando ya njia, wengine wamekufa, wengine wakifa. Watu wengine waliopita njia hiyo waliwaona pia. Coram aliamua kwenda kuomba ijengwe nyumba ya kuwapokea.

Aliomba kwa miaka 17. Jibu alilopewa lilikuwa moja, nawe umepata kulisikia hata leo: ukimsaidia mtoto wa haramu, utawatia wasichana moyo wa kuzini. Wakuu aliowaendea kwanza walimpa kisogo. Ndipo alipogeuza tanga, akawaendea wanawake. Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka wa 1729 Charlotte, mke wa Duke wa Somerset, alitia sahihi yake katika ombi la Coram, na baada yake wakafuata mabibi wengine wenye vyeo, hata wakawa 21. Jambo lililoonekana ni la aibu likawa sasa ni jambo la heshima, na waume wao wakafuata nyuma. Mwezi wa Oktoba 1739 Mfalme George wa Pili alitoa hati ya kuanzisha Foundling Hospital. Usidhani ilikuwa hospitali kama tuzijuazo. Ilikuwa nyumba ya kulea watoto walioachwa.

Mlango ulifunguliwa usiku wa tarehe 25 Machi 1741, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Hatton Garden. Kalenda ya Kanisa yaikumbuka tarehe hiyo kuwa siku ambayo malaika alimwendea Mariamu, msichana aliyeposwa na hajaolewa, kumwambia atachukua mimba. Taa za mlangoni zilizimwa ili mwanamke aletaye mtoto asitambulike. Watoto 30 walipokelewa, nafasi zikaisha, na wanawake waliobaki nje na watoto wao mikononi wakarudishwa. Watu walioshuhudia walisema kwamba waliokubaliwa na waliokataliwa walilia sawasawa. Wa kwanza kubatizwa, mvulana na msichana, waliitwa Thomas Coram na Eunice Coram, jina la nahodha na jina la mkewe, ambaye alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Wenyewe hawakujaliwa mtoto.

Waombaji walizidi sana, hata wakuu wa nyumba wakaweka kura. Mwanamke alitia mkono katika mfuko, akatoa kitufe. Cheupe, mtoto amepokelewa akiwa hana ugonjwa. Chekundu, angoje, pengine mwenye cheupe atakutwa na ugonjwa. Cheusi, aondoke na mtoto wake. Matajiri walikuja kutazama.

Mwaka wa 1756 Bunge lilitoa fedha kwa sharti kwamba kila mtoto apokelewe. Siku ya kwanza waliletwa 117. Katika miaka minne wakafika karibu 15,000, na zaidi ya 10,000 kati yao walikufa, maana maziwa na walezi havikutosha. Wengine walisafirishwa mbali kwa matapo, wakafika langoni hoi. Kwa hiyo mlango ukafungwa tena nusu. Tangu hapo mwanamke alipaswa kuandika ombi, na baadaye, katika karne ya 19, alisimama mbele ya kamati ya wanaume aeleze alivyoingia mimbani, athibitishe kuwa huyo ni mtoto wa kwanza, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mwenye tabia njema. Coram mwenyewe alikuwa amekwisha kutolewa katika uongozi zamani, kwa ugomvi. Alikufa maskini mwaka wa 1751, akazikwa katika kanisa la nyumba ile.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo hunirudia mara kwa mara. Mtoto alipopokelewa alipewa jina jipya, na mama hakuambiwa jina hilo. Kwa hiyo aliacha alama, kusudi akijaliwa kurudi aweze kutambua aliye wake: sarafu iliyokatwa, kifungo, ganda la njugu, au kipande cha nguo. Vipande vya nguo kama 5,000 vimehifadhiwa hata leo katika madaftari ya nyumba ile. Kimoja kina moyo ulioshonwa kwa uzi na kukatwa katikati. Aliyekiacha, mwezi wa Februari 1767, alikuwa Sarah Bender, na mwanawe alikuwa Charles. Mwezi wa Juni 1775, baada ya miaka minane, Sarah alirudi, akarudishiwa mtoto wake. Alikuwa ameitwa Benjamin Twirl muda wote huo. Lakini kati ya watoto 16,282 walioingia tangu 1741 hata 1760, waliorudiwa na wazazi wao ni 152 tu. Nyumba ile ilimwokoa mtoto, na kwa huruma yake yote haikufikiri kwamba ingeweza kuwaokoa wawili wakiwa pamoja. Kodi ya chumba na ujira wa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe havikuwa fedha nyingi; fedha hizo hizo walilipwa wanawake wa shambani wawanyonyeshe watoto wa wengine.

Usidhani mambo haya yaliishia katika siku za merikebu za matanga. Ireland, nchi ya Wakatoliki, ilikataza kuharibu mimba kwa ukali kuliko karibu nchi zote za Ulaya. Mwaka wa 1983 ilitia katazo hilo hata katika katiba, na halikuondolewa ila mwaka wa 2018. Kwa muda mrefu wa karne ya 20, msichana wa huko aliyepata mimba nje ya ndoa alipelekwa katika nyumba za kina mama na watoto, nyingi zikiwa chini ya watawa. Alifanya kazi, akazaa, na mara nyingi mtoto alichukuliwa akapewa watu wengine. Katika mji wa Tuam mwanahistoria mmoja, Catherine Corless, alikusanya kwa subira hati za vifo vya watoto 796 wa nyumba moja iliyokuwako tangu 1925 hata 1961, wala hakuona makaburi yao. Tume ya serikali ilitoa taarifa Januari 2021: katika nyumba 18 zilizochunguzwa walipita wanawake kama 56,000, na watoto kama 9,000 walikufa humo. Serikali iliomba radhi, na watawa wa Tuam pia. Nimesoma habari hizo zaidi ya mara moja, nami ni Mkristo, na sijui namna ya kuzisoma bila kuinamisha kichwa. Watu wale walisema kila mimba ina thamani, kisha wakamficha mwenye mimba kama takataka.

Kwetu Kenya sheria juu ya jambo hili ina ukoo wa Kiingereza. Kanuni ya Adhabu yatoa hadi miaka 14 kwa mtu aharibuye mimba ya mwingine, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema uhai huanza mimba inapotungwa, nayo haikubali mimba itolewe, isipokuwa pale mtaalamu wa afya aonapo ya kuwa pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kwa sababu ya ruhusa hiyo viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini kuikataa Katiba katika kura ya Agosti 2010. Mimbari zilijaa hotuba majuma mengi.

Uamuzi mwingine ulipita kimya zaidi. Mpaka miaka ya 1990 msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na kwa kawaida masomo yake yaliishia hapo. Mwaka wa 1994 serikali iliamua kwamba akiisha kujifungua aruhusiwe kurudi, na mwaka wa 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo mpana zaidi. Sijapata kusikia hotuba ya mimbari juu ya uamuzi huo, ingawa huenda zilitolewa mahali nisipokuwako.

Lile dawati la siku zangu za uanafunzi lilichukuliwa likawekwa stoo kabla ya muhula kwisha. Uamuzi wa 1994 ulikuwa umekwisha kutimiza miaka mingi. Msichana yule hakurudi, na hapana mtu wa shule aliyekwenda kwao kumwambia ya kwamba aweza kurudi. Kwao palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.