Bahasha Haikufunguliwa

Kwa miaka miwili baba alimwandikia mama barua, na hakuna hata moja iliyofunguliwa njiani. Bado siri ilivuja.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mama alikuwa Sigino kwa wazazi wake, baba akifanya kibarua Arusha. Kwao mama hawakuwa na sanduku la posta, kama kaya nyingi za vijijini. Barua zilipitia S.L.P. ya ofisi moja mjini Babati, na mtu wa ofisi hiyo aliwagawia wenyewe. Hakuchana bahasha. Alitazama tu mwandiko, mhuri wa Arusha na jina la binti. Ilipofika barua ya tatu, babu alikuwa ameshaambiwa kwamba binti yake ana mtu Arusha.

“Gundi ilishika vizuri,” mama husema. “Mdomo ndio haukuwa na gundi.”

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na ninachosoma ni kilekile: watu wawasilianeje na marafiki zao bila kulazimika kumwamini mwenye sanduku? Siku hizi sanduku linaitwa seva.

Gundi ilipatikana mapema. Mwaka 1976 Wamarekani Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya watu wawili kukubaliana ufunguo wa siri huku kila mtu akiwasikia. Kutokana na mawazo hayo, Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha kufunga ujumbe wa watumiaji wake wote, ukasomeka kwenye simu za wanaoandikiana tu. Lakini seva bado inajua nani kamwandikia nani, na saa ngapi. Bado inaona bahasha.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Tanzania ilijifunza uzito wa bahasha. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilikuwa baraza la watu wanaoandika kwa majina ya bandia, wengine wakifichua ufisadi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliwapa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji. Desemba 2016, mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, akishtakiwa pamoja na mengine kwa kuzuia uchunguzi. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika moja ya kesi zake: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

Wengi tunamheshimu kwa msimamo ule. Ila nikiitazama kesi hiyo kwa jicho la mtu anayechora mifumo, naogopa. Usalama wa watu wengi ulining'inia kwenye shingo ya watu wachache. Je, wangekuwa waoga? Je, seva ingebebwa usiku? Mfumo mzuri haumdai mtu ushujaa. Unahakikisha kwamba hata akibanwa, hana cha kutoa.

Wako waliojaribu. Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, iligawa seva moja kubwa kuwa nyingi ndogo. Ni kama kijiji kupata masanduku kumi badala ya moja: unachagua mwenye sanduku, lakini yupo. Dominic Tarr, aliyekuwa akiishi kwenye mashua New Zealand, alianzisha Scuttlebutt, neno la mabaharia lenye maana ya umbea. Kila mtu ana daftari lake, kila mstari una sahihi yake, na marafiki hubeba nakala za madaftari ya wenzao. Ni umbea usioweza kutiwa chumvi. Gharama yake ni kwamba kilichokwisha kusambaa hakifutiki. Briar nayo hutuma ujumbe kutoka simu hadi simu, kwa Bluetooth, Wi-Fi au mtandao wa Tor, na orodha ya marafiki zako hukaa ndani ya simu yako tu.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini. Nilikuwa Dar es Salaam, nina Briar kwenye simu, na haikunisaidia kitu. Tor inahitaji intaneti, Bluetooth hufika mita chache, na Sigino ni mamia ya kilomita. Nikapiga simu ya kawaida. Tuliongea bei ya mbaazi. Tuliongea mvua. Kabla ya kukata, mama akasema, “Mengine utanieleza ukija, mwanangu.”

Nilipokwenda, nilimuuliza walifanyaje baada ya babu kujua. Akacheka. Baba alianza kuandika kwa jina la rafiki yake mama. Ndani ya bahasha ya rafiki kulikuwa na bahasha nyingine, imefungwa, haina jina la mwandishi. Ofisi ilijua rafiki kapata barua. Rafiki alijua mama kapata barua, lakini hakujua imeandikwa nini.

Nilinyamaza. Miaka hiyohiyo ya tisini, watafiti wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani walikuwa wakibuni wazo lililozaa Tor: bahasha ndani ya bahasha, kila mbebaji akijua hatua yake tu.

“Ulimwamini huyo rafiki?” nikamuuliza.

“Nusu,” mama akasema. “Na sikumpa zaidi ya hiyo nusu.”