Goma–Kinshasa: kilomita ni zilezile, safari si ileile

Vijana wenzangu na ninyi wa mashirika, hili swali tunaulizwa sana hapa Gisenyi: Kinshasa ni mbali kiasi gani? Uwanja wa ndege wa Goma uko kilomita chache tu ng'ambo ya mpaka. Kutoka pale hadi Kinshasa, ukipima angani, ni kilomita kama 1,560. Ndege ya jeti inatumia saa mbili na kidogo. Na kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, ukiruka saa nne asubuhi unashuka saa tano na kitu. Karibu, si ndiyo?

Ila historia ya huo uwanja inasema mengine.

Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kwa miguu kutoka Gisenyi kuingia Goma, kwa siku chache tu. Kipindupindu kikaua watu wengi sana. Ndege za misaada kutoka Ulaya na Marekani zilitua kwenye uwanja huohuo zikileta maji, dawa na chakula. Mzigo ulitoka mbali kwa saa chache. Mkimbizi alitoka karibu, akafika amechoka kufa.

Tarehe 17 Januari 2002 ikawa kinyume. Nyiragongo ililipuka, moto wa volkano ukapita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Sasa wa Goma ndio waliokimbilia Gisenyi. Njia ikabaki fupi miaka mingi, ndege kubwa zikapata shida kutua. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, watu wakavuka tena.

Mwisho wa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, uwanja ulifungwa. Tangu hapo, mtu wa Goma aliyetaka kwenda Kinshasa ilibidi avuke mpaka, apande basi Gisenyi hadi Kigali, zaidi ya kilomita 150 za milima, saa tatu au zaidi. Halafu ndege, tuseme kupitia Nairobi: kilomita kama 750 kwenda mashariki, kisha kama 2,400 kurudi magharibi. Yaani angani peke yake ni mara mbili ya ule mstari ulionyooka, ndani ya nchi yake mwenyewe! Na hapo anahitaji pasipoti na pesa. Asiye navyo, hata hizo saa mbili hazimhusu.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanga misaada, msitupimie umbali kwa ramani tu. Ulizeni njia ipi iko wazi leo, na inadai karatasi gani. Na sisi tulioko Nkamira na kambi zingine, tuwaulize wazee wetu: mwaka ule mlipita wapi, mlitembea siku ngapi? Tuandike majibu yao sasa, wangali nasi.