Nyutrino za anga na maada ya giza

Nyutrino za anga ni chembe nyepesi mno, zisizo na chaji, zinazofika duniani kutoka nje ya mfumo wa Jua. Wanafizikia huzitumia kupima kama maada ya giza hugongana na chembe nyingine. Maada hiyo, inayokadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni, haitoi mwanga, na mpaka leo inajulikana kwa mvutano wake tu.

Nyutrino hupenya nyota na sayari karibu bila kuguswa. Iliyotoka galaksi ya mbali imekwisha kupita katika maada ya giza tele. Kama kuna migongano, baadhi zitapotea, zitachepuka au zitapungukiwa nishati njiani. Kinachotafutwa, basi, ni pengo: nyutrino zilizotarajiwa zisifike.

Chombo kikuu cha kazi hii ni IceCube, kilichokamilika Desemba 2010 katika Ncha ya Kusini. Mashimo 86 yalitobolewa barafuni kwa maji ya moto, kila moja likateremshiwa waya wenye vihisi 60, tufe za kioo zinazokaribia ukubwa wa mpira wa kikapu, hadi kina cha mita 2,450. Kisha maji yakaganda. Kihisi kikiharibika humo, hakitoki tena. Nyutrino ikigonga kiini cha atomu, chembe zinazochomoka huacha mwanga wa buluu, na tofauti ndogo za muda wa mwanga huo kufikia kila kihisi huonyesha alikotoka mgeni huyo.

Tarehe 22 Septemba 2017 ilinaswa nyutrino ya takriban elektronivolti trilioni 290, kutoka upande wa TXS 0506+056, galaksi ya kundinyota la Jabari iliyo mbali miaka nuru bilioni 4 hivi. Kwa kuwa ilifika, uwezekano wa kugongana hauwezi kuzidi kiwango fulani. Kiwango hicho hushuka sana ikichukuliwa kwamba maada ya giza imerundikana kando ya shimo jeusi la galaksi hiyo. Lakini rundo lenyewe ni la hesabu, halijaonwa, na shahidi mmoja ni haba.

Kuna njia nyingine: mwaka 2017 wanafizikia Carlos Argüelles, Ali Kheirandish na Aaron Vincent walipendekeza kutazama nyumbani, katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, upande wa kundinyota la Mshale, ambako maada ya giza imesongamana. Kama inazuia nyutrino, upande huo ungekuwa na kivuli. Katika data za IceCube walizozichambua, kivuli hakikuonekana.