ECO, PWR, Sport: ile butoni inabadilisha nini ndani ya moteri ya turbo?

Magari ya miaka ya karibuni yanayotembea Haut-Lomami, hata yale yanayoshuka mpaka kwetu Kinkondja kutafuta samaki, yanakuja na butoni ambazo Land Cruiser ya zamani haikuwa nazo. Karibu na mkono wa vitesi kumeandikwa ECO na PWR, ao Sport. Shofere mmoja anasema PWR inaongeza nguvu. Mwingine anasema inaua moteri. Wa tatu anaacha ECO toka Januari mpaka Desemba, akifikiri mafuta haitaisha. Kwa sababu mazutu na esansi vinafika hapa kwa bei kali, na gari ikikwama njiani msaada uko mbali, ni vizuri kila anayeendesha, na kila anayelipa mafuta, ajue ile butoni inafanya nini na haifanyi nini.

Jibu kwa ufupi: kwa magari mengi, butoni haiongezi nguvu ya moteri. Inabadilisha namna moteri inavyojibu mguu wako.

Kwanza, turbo ni kitu gani?

Moteri inakula hewa na mafuta. Moteri isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe, kama mtu anavyopumua. Turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye chuma kimoja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka ndani ya moteri. Kwa kuwa zimefungwa pamoja, feni ya pili nayo inazunguka, na inasukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu inapanda. Feni hizo zinaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja. Wazo hili si jipya: enjinia wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905.

Angalia tofauti kwa Toyota mbili. Moteri ya 1HZ, ile ya Land Cruiser ambazo misioni na mashirika wametumia miaka mingi, ni ya lita 4.2 na haina turbo. Nguvu yake ya kuvuta ni karibu Nm 285. Moteri ya 1GD ya Hilux, iliyotoka mwaka 2015, ni ndogo, lita 2.8 tu. Lakini kwa sababu ya turbo inafika Nm 450 kwenye gari ya otomatike.

Turbo inasaidia pia kwenye nchi ya juu, ambako hewa ni nyepesi. Sisi tuko chini, pembeni ya ziwa Kisale, lakini Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Turbo inaziba sehemu kubwa ya upungufu huo.

Ila turbo iko na tabia moja ya kukumbuka: inaishi kwa moshi. Moteri ikizunguka polepole, moshi ni kidogo na feni imelala. Ukikanyaga pedali, gari inafikiri kidogo, halafu inaruka. Kwa ile Hilux ya lita 2.8, nguvu kamili ya kuvuta inaanza karibu na mizunguko 1,600 kwa dakika. Chini ya hapo, hakuna butoni itakayoamsha turbo mara moja.

Butoni inagusa nini?

Zamani, pedali ya mafuta ilivuta kamba ya chuma. Siku hizi pedali inatuma habari kwa kompyuta ya moteri, na kompyuta ndiyo inaamua. Butoni inaiambia kompyuta iamue namna gani.

Kitu cha kwanza ni pedali yenyewe. Tuseme umekanyaga nusu. Ukiwa kwa ECO, kompyuta inaisoma kama chini ya nusu, na moteri inapanda taratibu. Ukiwa kwa PWR, inaisoma kama zaidi ya nusu, na moteri inapanda haraka. Lakini ukikanyaga mpaka chini kabisa, kwa Hilux nguvu ya mwisho ni ile ile. Ndiyo maana mtu anahisi PWR ina nguvu zaidi: anapata mapema kile ambacho angekipata kwa kukanyaga zaidi.

Cha pili ni vitesi, kwa gari za otomatike. ECO inapandisha vitesi mapema, moteri inabaki kwa mizunguko ya chini, na turbo inafanya kazi kidogo. Kwa PWR ao Sport, gari inakaa muda mrefu kwenye vitesi vya chini, moteri inazunguka zaidi, moshi unakuwa mwingi, na turbo iko macho. Ukikanyaga, haichelewi. Hapa ndipo butoni inagusa turbo kweli kweli, hata kama inapitia kwenye vitesi. Kwa gari ya vitesi vya mkono, kazi hiyo ni yako. Ukibaki kwenye vitesi vya nne kwa mizunguko 1,200 kwenye mlima, PWR haitakuokoa. Rudisha cha tatu.

Cha tatu ni mashine ya baridi ndani ya gari. Kwa magari mengi, ECO inapunguza kazi yake, kwa sababu inakula nguvu ya moteri.

Kuna pia magari machache ambamo butoni inagusa nguvu yenyewe. Subaru ya turbo, ambazo ni nyingi Nairobi na miji mingine ya Afrika ya Mashariki, ziko na alama I, S na S#. Kwenye I, kompyuta inazuia sehemu ya nguvu, hata ukikanyaga mpaka mwisho. Gari ndogo ya Italia, Abarth 500 ya mwaka 2008, inafanya Nm 180 kawaida, na Nm 206 ukiweka Sport, kwa sababu hapo kompyuta inaruhusu turbo isukume hewa zaidi. Kwa hiyo usihukumu kila gari kwa kuangalia ya jirani. Kitabu cha gari ndicho kinasema.

Usichanganye na H4 na L4

Wengi wanafikiri PWR na L4 ni ndugu. Hapana. H4 na L4 zinahusu magurudumu na meno ya vitesi. L4 inafanya gari iende polepole sana lakini ivute sana, bila kubadilisha kitu ndani ya moteri. PWR na ECO zinahusu namna moteri inajibu. Kwenye shimo baya la potopoto, L4 inaweza kukutoa. PWR peke yake itazungusha magurudumu na kuchimba kaburi la gari.

Kwenye njia zetu, uweke nini?

Potopoto na utelezi wa mvua: weka kawaida ao ECO. Gari inaruka-ruka, mguu unatikisika juu ya pedali, na pedali laini inakusaidia usitume nguvu ya ghafla. Turbo ikiamka ghafla, magurudumu yanateleza.

Mchanga mrefu: hapa gari haipaswi kusimama. Kawaida ao PWR inafaa, ili nguvu isichelewe. Anza na mwendo mzuri, usikanyage kwa hasira.

Mlima na mzigo mzito, mfano magunia ya samaki wakavu: PWR kwa gari ya otomatike inasaidia, kwa sababu vitesi havipandi ovyo na turbo inabaki macho. Ukifika juu, zima.

Kupita gari ingine: weka PWR mbele ya kutoka kwenye mstari wako, si katikati. Turbo inahitaji sekunde ya kuamka, na ile sekunde inaweza kuwa maisha.

Njia tambarare bila haraka: ECO.

ECO inapunguza mafuta kweli?

Inaweza, lakini kwa kupitia mguu wako. Shofere wa ECO anayekanyaga mpaka chini kila mara, juu anaona gari ni nzito, anakunywa mafuta sawa na wa PWR. Na shofere mwenye mguu mwepesi anaweza kuweka kawaida na bado akabakisha. Piga hesabu: ukipunguza lita 1 kwa kila kilometa 100, safari ya kilometa 200 kwenda na 200 kurudi inakubakishia lita 4. Kwa bei ya huku, si kitu kidogo. Lakini upepo mdogo ndani ya pineo, mizigo iliyofungwa juu sana, na filta ya hewa iliyojaa vumbi vinaweza kula faida yote ya ECO.

Butoni haiponyeshi turbo mgonjwa

Gari ikipoteza nguvu ghafla na taa ya moteri ikiwaka, mara nyingi kompyuta imeamua kujikinga. Imeona kosa, imepunguza nguvu ili moteri isiharibike. Hapo kubonyeza PWR mara kumi hakusaidii. Angalia kama bomba la hewa la turbo limepasuka ao limetoka: utasikia mluzi, utaona moshi mweusi. Angalia filta ya hewa na filta ya mazutu. Mazutu ya bidoni yenye maji ao uchafu inaharibu sindano za moteri za kisasa, na ni ghali kuzibadilisha.

Turbo inazunguka juu ya mafuta ya moteri. Ukichelewa kubadilisha mafuta hayo, ndiyo unaiua, si PWR. Baada ya mlima mrefu ao mzigo mzito, usizime papo hapo. Acha moteri izunguke bure dakika moja ao mbili, joto lishuke, ndipo uzime. Baada ya mwendo wa kawaida wa polepole, hakuna haja ya kungoja.

Kwa anayetaka kununua gari ya turbo iliyotumika: kwanza ijaribu ukiwa kwa kawaida, na mlima, si kwa PWR. PWR inafanya hata gari iliyochoka ijibu haraka mwanzoni. Nguvu ya kweli utaiona ukikanyaga mpaka chini kwenye kupanda, gari ikiwa na watu ndani. Ikikataa kupanda hapo, butoni haitakurudishia pesa yako.